Utelezi wa kijani uwani: brashi, Jik, siki, chokaa au mashine ya presha?

Mama aliteleza karoni asubuhi moja ya mwezi wa pili, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Alikuwa na sufuria mkononi na malapa miguuni. Hakuvunjika, tunamshukuru Mungu, lakini kiwiko kilivimba na kwa wiki tatu hakuweza kukuna nazi. Nilipoinama kutazama pale alipotelezea, saruji ilikuwa imevaa utando wa kijani, mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa, na lapa lilikuwa limeuchana kwa urefu wa hatua nzima.

Nina nyumba mbili za kuhangaika nazo. Ya mama iko Mikindani, kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa enzi za babu. Yangu iko Chuno, Mtwara mjini, matofali ya saruji na uwanja wa pevingi. Tangu mama aanguke nimejaribu karibu kila kitu ambacho watu wa mtaani hushauri. Mtu akiuliza dawa ya ukijani hujibiwa "piga Jik", na hakuna anayemuuliza anaipiga wapi. Dawa iliyonifaa Chuno ingeila nyumba ya mama. Iliyomfaa mama, kwangu ingekuwa kazi bure. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitakwenda na mahali mwani ulipoota, si na majina ya chupa zilizopangwa dukani.

Unapambana na nini

Kwetu huku ukitaja mwani, watu hufikiria ule wanaolima kina mama baharini kwa kamba na vigingi, ambao ni mali. Huu wa sakafuni na ukutani ni jamaa yake wa mbali, ila ni mdogo mno, kila chembe ni kiumbe kamili. Hauna mizizi, na hauli saruji wala rangi. Hujitengenezea chakula kwa mwanga kama jani la mti, na unachohitaji zaidi ni unyevu unaokaa. Chembe zake hubebwa na upepo na matone ya mvua, hivyo hakuna dawa itakayouzuia usije tena. Tunachoweza kuamua ni kama utakuta pakavu au pabichi.

Rangi hukueleza mengi kabla hujatoa hela. Utando wa kijani kibichi unaoteleza ndio mwepesi kuliko yote, hufa haraka. Michirizi myeusi inayoshuka ukutani kutoka ukingo wa paa, ambayo wengi hudhani ni moshi wa jikoni, mara nyingi ni sianobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mwani, na hao ni sugu zaidi kwa sababu wamejifunika ute unaowakinga na ukavu. Kuna na unga wa rangi ya chungwa unaotanda kwenye kuta za kivulini. Jirani yangu aliukwangua akapaka rangi ya kuzuia kutu, akiamini nondo za ndani zimeoza. Mara nyingi huo ni mwani uitwao Trentepohlia, ambao kwa ukoo ni mwani wa kijani, ila una rangi ya karoti inayoufunika ukijani wake.

Halafu kuna ule unaonitisha kuliko yote. Ni vipande laini vya rangi ya zeituni, kama jeli, vinavyovimba juu ya changarawe na pevingi baada ya mvua. Huitwa nostoki. Jua likiwaka hukauka vikawa magamba meusi ambayo utafikiri ni majani makavu, na mvua ikirudi, hata baada ya miezi mingi, vinavimba tena kana kwamba havikufa. Na kweli havikufa. Usipoteze Jik yako hapo. Subiri vikauke, vikwangue kwa sepeto, vipeleke jalalani, kisha utafute kwa nini maji yanatuama mahali hapo.

Jambo la mwisho kabla ya dawa ni jua. Mvua za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi mwishoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana hupita kaskazini yetu, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini. Machi na Aprili mvua bado zinanyesha na jua limeshauacha ukuta huo. Kwangu Chuno, upande wa kusini huota ukijani wakati wa kaskazini umeshakauka. Kabla ya kununua chochote, zunguka nyumba yako saa sita mchana, uone ni wapi bado pana unyevu.

Saruji: brashi peke yake, au brashi na Jik?

Karo la mama ni la saruji, ingawa nyumba ni ya mawe. Nililigawa kwa mkaa nikapata miraba minne. Wa kwanza niliusugua kwa ufagio wa chelewa na maji matupu. Wa pili niliumwagia maji yanayochemka ndipo nikausugua. Wa tatu niliupa siki ya dukani. Wa nne niliusugua kwanza, nikaumwagia Jik iliyozimuliwa, nikaacha, nikasugua tena na kusuuza. Mama aliendelea kuosha vyombo pale kila siku, kwa hiyo miraba yote ililowa sawasawa.

Siku ileile yote minne ilipendeza. Baada ya kama wiki moja ule wa ufagio mtupu ulikuwa umeanza tena. Kwa macho huoni kitu, lakini ukipitisha kidole unahisi ute. Wa maji ya moto ulichukua karibu mara mbili ya muda huo. Wa siki ulikwenda sambamba na wa maji ya moto, ila saruji ilipauka na punje za mchanga zikaanza kuchomoza, ishara kwamba siki ilikuwa inaila saruji yenyewe. Ule wa Jik ulifika zaidi ya mwezi, na mvua zikiwa bado zinapiga.

Mtu anaweza kusoma hivyo akadhani Jik ndiyo mshindi na habari imeisha. Mimi naona kinyume kidogo. Brashi ndiyo inayoondoa mwili wa mwani pamoja na tope linaloushikilia, na Jik inaua vilivyojificha ndani ya vitundu vya saruji. Jik ikimwagwa juu ya utando mnene bila kusugua, nguvu yake inaishia kwenye tope la juu. Utaona pameng'aa ukadhani kazi imekwisha, kumbe chini mna uhai. Na kwa mtu anayeweza kusugua karo kila jioni na kuliacha likauke usiku, ufagio wa chelewa peke yake unatosha mwaka mzima. Jik ni ya mahali palipoachwa hadi pakazidi, au pale mtu mzima asiyeweza kuinama anapopita kila siku.

Kwa brashi, chukua ya nailoni ngumu au ufagio wa chelewa uliokatwa ukawa mfupi. Kwenye kona za karo kumbi la nazi linaingia vizuri kuliko brashi yoyote niliyonunua. Brashi ya waya iache. Inakwaruza saruji na kuufanya mwani upate pa kushika, na vijiwaya vinavyokatika vinabaki pale vikitoa kutu.

Kipimo cha Jik ninachotumia sasa ni sehemu 1 ya Jik kwa sehemu 5 za maji, kwa chupa ambayo lebo yake inasema asilimia 3.5. Nusu lita ya mchanganyiko inatosha mita 1 ya mraba. Uwanja wa mita 12 za mraba basi unataka lita 6, yaani lita 1 ya Jik na lita 5 za maji. Fanya alfajiri au jioni. Jua la mchana huikausha kabla haijafanya kazi, na jua hilohilo huivunja nguvu. Acha dakika 10 hadi 15 pakiwa pabichi, sugua, kisha suuza kwa maji mengi. Chupa iliyokaa muda mrefu kwenye joto la huku kwetu hudhoofika hata kama haijafunguliwa, kwa hiyo nanunua ya kutosha kazi tu, dukani inakokaa kivulini.

Jik ina madhara yake. Inakula bati na nyavu za madirisha, inababua mchicha, inaharibu kanga uliyojifunga. Kuku na watoto wasipite hadi pasuuzwe. Vaa glavu na viatu vinavyofunika vidole.

Na hili nalisema kwa uzito wote: Jik isichanganywe na kitu chochote zaidi ya maji. Dada mmoja wa mtaani kwetu aliona ukijani wa bafuni hautoki. Akamwaga asidi ya kusafishia choo, akaona inachelewa, akaongeza Jik juu yake, mlango ukiwa umefungwa. Hewa iliyotoka pale ni gesi ya klorini. Alitoka akitambaa, akikohoa, macho hayaoni, na tulimpeleka hospitali na bodaboda. Siki na ndimu pia zikikutana na Jik hutoa gesi hiyohiyo. Mkojo nao una vitu vinavyotoa gesi nyingine ya sumu ukikutana na Jik, kwa hiyo bafu linalokojolewa lisuuzwe kwa maji matupu kwanza, mlango na dirisha vikiwa wazi.

Siki, ndimu na asidi ya choo

Hizi zote ni asidi, zimepishana nguvu tu. Mahali pake pazuri ni marumaru za vigae zenye mng'aro za bafuni, kioo, na bomba za kuogea. Maji ya visima vya huku huacha gamba jeupe, na mwani hushika juu ya gamba hilo. Siki hulainisha gamba, na mwani hutoka nalo. Hapo inaizidi Jik, kwa sababu Jik itaua mwani na kuliacha gamba likisubiri mwani mwingine. Lakini mistari ya katikati ya marumaru ni saruji, kwa hiyo siki isikae zaidi ya dakika chache, suuza. Kwenye mistari yenyewe napenda magadi yaliyokorogwa na maji kidogo yakawa uji mzito, pamoja na mswaki wa zamani. Ni kazi ya mkono lakini haiharibu kitu.

Kwenye teraso, saruji tupu au jiwe, asidi hapana.

Nalijua hili kwa kuliona. Wiki ile mama alipoanguka nilikuwa na hasira na kila kitu cha kijani katika nyumba ile. Fundi mmoja aliniambia asidi ya choo inatoa mwani wa ukutani kwa dakika moja, na nilimwamini. Niliimwaga kwenye ukuta wa uani. Mzee wa nyumba ya pili, aliyepiga chokaa majumba ya Mikindani maisha yake yote, alikuwa anapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hilo jiwe umelimwagia nini, mbona linalia?"

Nilisogeza sikio. Kweli ukuta ulikuwa unatoa sauti, kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na tone la maji, na povu jeupe lilikuwa linachemka na kushuka.

"Asidi ya choo, mzee."

"Lete maji. Mengi."

Tulimwaga ndoo sita. Ukijani ulikuwa umetoka, ndiyo, na ngozi ya ukuta imetoka nao. Palibaki kishimo cha kina cha ukucha wa kidole gumba, na ndani yake ungeweza kuona vijumba vya matumbawe vilivyo kama sega la nyuki, wazi kabisa, vikisubiri kunywa mvua. Matumbawe na chokaa vyote viwili ni kalsiamu kaboneti, kitu ambacho asidi hukigeuza kuwa povu na maji. Ukitaka kujaribu nyumbani kwako, okota kipande cha jiwe kilichodondoka, kidondoshee siki kijiko kimoja. Kikitoa vipovu, jua kwamba ukuta wako asidi zote ni adui yake, pamoja na ndimu.

Kuta za mawe: chokaa au rangi?

Mzee hakuondoka siku ile. Alinionyesha sehemu ambayo miaka ya nyuma tulipiga plasta ya saruji na kupaka rangi ya mafuta ili nyumba ionekane mpya. Aligonga kwa kifundo cha kidole, pakalia ovyo, patupu. Alipobandua gamba, nyuma yake palikuwa pabichi, hata kiangazi kilichopita hakikupakausha. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na huyatoa kwa kupumua. Ukiuziba kwa saruji na rangi isiyopitisha hewa, maji hubaki ndani, rangi inavimba, na pale inapopasuka mwani hutokeza kwanza.

Chokaa hufanya kinyume. Inapakwa nyembamba kama maziwa, tabaka mbili tatu, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo, na inauacha ukuta upumue. Ikiwa mbichi ni kali, pH yake inapita 12, na mwani hauwezi kuishi juu ya kitu kikali hivyo. Ukali huo haudumu. Taratibu hewa huigeuza chokaa kuwa kalsiamu kaboneti, jiwe lilelile la mwanzo, na ukali unaisha. Ndiyo maana wazee walipaka upya kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Anayesema chokaa haifai kwa sababu ukijani umerudi mwaka wa tatu, amesahau kwamba haikuahidiwa kufika mwaka wa tatu.

Ukilinganisha kwa ukuta wa jiwe: Jik inaua haraka lakini inaacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe, na chumvi hiyo ikikauka na kulowa mara kwa mara inabomoa uso wa jiwe. Chokaa ni polepole, inataka mkono wa mtu anayeijua, inataka ukuta usuguliwe kwanza kwa brashi laini ukiwa mkavu, na inataka kiangazi cha kati ya Juni na Septemba. Lakini kila tabaka linauongezea ukuta kitu badala ya kuuondolea. Majengo ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na karne nyingi za mvua za pwani bado hazijayalaza yote chini. Mimi kwa nyumba ya mama sifikirii tena kitu kingine.

Angalizo moja: chokaa mbichi inaunguza. Ikiruka jichoni ni dharura, osha kwa maji yanayotiririka muda mrefu na uende hospitali bila kungoja kesho. Vaa miwani, hata ya kuendeshea pikipiki.

Kwa ukuta wangu wa matofali ya saruji uliokwisha kupakwa rangi ya maji, chokaa haishiki. Inabanduka kama unga. Hapo nilisugua, nikaua kwa Jik, nikasuuza, nikaacha ukauke wiki mbili za kiangazi, ndipo nikapaka rangi ya nje. Kupaka rangi juu ya mwani ulio hai ni kuutandikia shuka. Rangi itabanduka na vipande vyake vitakuwa vya kijani kwa ndani.

Pevingi: mashine ya presha au mikono?

Uwanja wangu wa pevingi una mita za mraba 60 hivi. Kwa Jik, nusu lita kwa kila mita, ni lita 30 za mchanganyiko, ambazo ndani yake mna Jik lita 5. Kusugua kwa mikono ni siku nzima ya watu wawili. Mashine ya presha inamaliza asubuhi moja, na siwezi kukataa kwamba inaridhisha macho. Unaona mstari msafi ukifunguka nyuma ya mkuki wa maji, rangi ya pevingi iliyosahaulika ikirudi.

Mara ya kwanza nilikodi vijana wa kuoshea magari. Mmoja alishika mkuki karibu kabisa na tofali, ncha ya maji ikiwa kali kama sindano. Walipoondoka, uso laini wa pevingi nyingi ulikuwa umeliwa hadi kokoto ndogo zikaonekana, na mchanga wote wa katikati ya matofali ulikuwa umeenda na maji barabarani. Mvua ya kwanza ilipoteremka, matofali yalianza kucheza chini ya miguu. Na huo uso uliokwaruzika ndio ulioota ukijani upesi kuliko wa jirani ambaye hakuosha kabisa.

Mara ya pili nilisimamia mwenyewe. Mkuki ukae kama sentimita 30 kutoka chini, maji yafunguke kama upepeo na si kama sindano, uelekeze kwa mlalo badala ya kuchoma moja kwa moja, na mchanga urudishwe kwenye nafasi siku ileile. Hivyo mashine ni nzuri. Jambo la kupima ni maji: mashine ndogo hutumia lita 6 hadi 8 kwa dakika, kwa hiyo saa moja inakula lita 360 hadi 480, karibu nusu ya simtanki ya lita 1,000. Kwa anayenunua maji kwa madumu, ufagio una faida ambayo haionekani kwenye bei ya kukodi mashine. Mimi nakodi mara moja tu, mwezi wa sita, mvua zikishaisha. Miezi mingine ni ufagio, na Jik pale mlangoni peke yake.

Ukuta wa matumbawe usielekezewe mashine hii hata kwa umbali. Nyumba ya makuti vilevile.

Simtanki ni jambo jingine kabisa

Hapa watu hukosea kwa kutumia akili ya sakafuni. Ukijani ndani ya tanki unamaanisha mwanga unaingia. Usiku weka tochi inayowaka chini ya mfuniko, funga, simama nje. Tanki likionyesha mwanga ubavuni, basi mchana jua linaingia kwa njia hiyohiyo, na utaosha hadi uchoke. Matanki meusi huzuia mwanga, yale ya rangi nyepesi yaliyochakaa mara nyingi hayazuii. Kulipaka rangi nzito kwa nje au kulijengea kivuli kunashinda dawa yoyote.

Kusafisha: toa maji yote, sugua kwa brashi safi yenye mpini mrefu bila sabuni, suuza. Kisha jaza maji na uweke Jik isiyo na manukato wala sabuni. Kwa lita 1,000, lita 1.5 ya Jik ya asilimia 3.5 inatoa takriban miligramu 50 za klorini kwa kila lita. Fungua kila bomba hadi unuse klorini, funga, acha hadi kesho yake, kisha mwaga yote mbali na bustani na usuuze kabla ya kunywa. Vidonge vya kutibu maji ya kunywa ni vya maji yaliyo maangavu tayari, haviondoi utando. Na mtu asiingie ndani ya tanki yenye harufu ya Jik, wala asiingie kabisa bila mwenzake kusimama nje.

Vitu ambavyo ningekuomba uviache

Chumvi ni rahisi kupatikana kwetu, mashamba yake yako pwani yote hii, na kuna wanaoimwaga kwenye uwanja au kusugua kwa maji ya bahari. Mwani unakufa kweli. Lakini chumvi inabaki ndani ya saruji, inafika kwenye nondo, nondo inapata kutu, kutu inavimba na saruji inapasuka. Nyumba za ufukweni tayari zinapambana na hewa ya chumvi, hazihitaji nyingine ya kuletewa kwa ndoo.

Mrututu (salfeti ya shaba) unaua mwani vizuri sana, na unaua samaki vilevile. Mifereji ya Mikindani inaishia kwenye ghuba ambamo watu wanavua. Usiutumie uwani, na kwenye tanki la kunywa usiuwaze.

La tatu linahusu sisi watu wa korosho. Kila nyumba ina masalio ya dawa za ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga wa mikorosho, na bomba la kupulizia. Dawa hizo zilipimwa kwa mkorosho, hazikupimwa kwa sakafu ambayo mtoto anatambaa. Bomba lililobeba dawa ya shamba lisitumike kupulizia Jik bafuni wala kuosha tanki, hata likisuuzwa mara tatu. Masalio ya shambani yakikutana na Jik, hujui kitakachotoka.

Maji yanatoka wapi

Karo la mama nililisugua, nikalipiga Jik, na bado lilirudi kila mwezi, hadi siku moja nilikaa barazani mvua ikinyesha nikatazama tu. Maji yote ya bati la jikoni yalikuwa yanadondoka juu ya karo, kwa mstari mmoja, na mstari huo ndio uliokuwa wa kijani kuliko kwingine. Nilifunga gata, nikaelekeza maji kwenye pipa. Fundi akaongeza saruji nyembamba ili karo limiminike upande mmoja, kwa sababu katikati palikuwa na kidimbwi cha upana wa sahani. Gata na mwinuko vilinigharimu zaidi ya chupa za Jik za mwaka mzima. Tangu hapo mwezi mmoja umekuwa minne.

Kilichobaki ni tawi la mwembe linaloinamia karo na kulinyima jua la asubuhi. Mama hataki likatwe kabla embe hazijaisha, na embe zake zitaisha mvua zikiwa zimeshaanza. Nimemkubalia. Mpwa wangu anapitisha ufagio wa chelewa kila jioni baada ya vyombo, na mahali mama anapokanyaga akishuka kutoka barazani nimeweka jiwe pana lenye uso wa kukwaruza.